Ninapokula mimi, kutoka Chewele mpaka Garsen

Mimi ni mpishi wa sufuria kubwa. Nikiitwa ni arusi, ni matanga, au ni semina ya siku tatu ambapo watu sitini wanataka chai saa nne kamili. Kazi hii imenizungusha kando ya mto Tana, kutoka Chewele nilikozaliwa mpaka Garsen ninakokaa sasa, na kila ninapofika kuna mtu ataniuliza swali lile lile: "Wewe mpishi, ukishikwa na njaa yako mwenyewe unakula wapi?"

Jibu langu huwavunja moyo kidogo. Wanangoja nitaje hoteli yenye vigae na feni. Mimi nakula vibandani. Nakula penye benchi moja, moshi wa kuni na mama mmoja anayejua ni mteja gani anapenda mchuzi mwingi na ni nani hataki pilipili. Si kwa sababu ni bei rahisi, ingawa ni bei rahisi kweli. Ni kwa sababu mama huyo amenunua samaki asubuhi na lazima awamalize kabla ya alasiri. Hana friji. Cha jana hakipo, basi huwezi kuuziwa cha jana.

Lakini jambo hilo hilo linalofanya chakula chake kiwe kitamu ndilo linalomfanya awe mwepesi kuanguka. Pesa ya leo ndiyo samaki wa kesho. Nyuma yake hakuna kitu. Kwa hiyo nimeombwa niandike ninapopenda kula, na nitaandika, lakini pia nina neno na wewe unayelipa kwa simu, na nina neno na mama anayepokea kwa simu. Kibanda nilichokipenda kuliko vyote kimefungwa, na sehemu ya kosa ni yangu.

Bura, kabla jua halijawa kali

Wadi ya Chewele iko katika eneo bunge la Bura, na ukitaka kuelewa chakula cha kwetu lazima uanze na skimu. Mradi wa unyunyizaji wa Bura uliletea eneo hili watu kutoka pembe nyingi za Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakapewa mashamba walime pamba. Wakakuta Wapokomo wakilima kando ya mto, Waorma na Wasomali wakichunga. Pamba haikuleta utajiri ulioahidiwa, mashine za kusukuma maji zikawa zinaharibika, na wengi walifunga virago. Waliobaki wanaendelea kulima, na wanaendelea kupika walichokuja nacho. Ndiyo maana katika vijiji vya skimu unaweza kupata muthokoi nyumba hii, githeri nyumba ile, na mbele kidogo sima kwa samaki wa mto. Huko juu wengi wanasema ugali. Ukifika Garsen ukisema ugali watakujua umetoka mbali.

Muthokoi ninaoupenda unapikwa na nyanya mmoja wa kijiji cha skimu. Mahindi anayatwanga mwenyewe mpaka ganda litoke lote, anayachemsha na kunde badala ya maharagwe, halafu mwishoni anatia majani ya boga yaliyokatwa nyembamba. Nimejaribu kumwiga mara nyingi. Tofauti, nadhani, ni subira. Mimi nina watu sitini wanaongoja, yeye ana wateja kumi na wawili ambao hawana haraka.

Nyanya huyu hana alama yoyote ya malipo ukutani. Ana daftari la shule lenye jalada la bluu. Wateja wake ni wakulima, na mkulima wa skimu ana pesa mahindi yake yakilipwa, si kila Jumatatu. Anawaandika jina, tarehe na kiasi, na mteja mwenyewe anatia sahihi. Nilimuuliza kama hawamkimbii. Akaniambia, "Mwanangu, mtu akishaandika jina lake kwa mkono wake, anaona haya." Nimelikumbuka neno hilo kuliko mafunzo mengi ya biashara niliyoyapikia chai.

Mjini Bura penyewe, asubuhi naingia hoteli ya Kisomali. Anjera tatu, maini ya mbuzi yaliyokatwa vipande vidogo vidogo na kukaangwa na kitunguu na hoho, na chai ya maziwa ya ngamia. Maziwa ya ngamia yana chumvi kidogo kwa mbali, na mtu asiyeyazoea hukunja uso mara ya kwanza. Mara ya tatu anaitisha kikombe cha pili. Ikibaki nafasi, chukua nyirinyiri kwa karatasi ya kula njiani: nyama iliyokaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Haiharibiki ovyo, na safari ya kutoka Bura kuteremka kusini ina joto.

Mchana mbuzi anachomwa nyuma, kwa makaa ya mathenge. Mti huu uliletwa huku miaka hiyo hiyo ya skimu ili watu wapate kuni, na umelipa wema huo kwa kumeza malisho, kuziba mifereji na kutoboa magurudumu ya kila mtu. Makaa yake, hata hivyo, yanawaka kwa moto mkali uliotulia, na nyama haitoki na harufu ya moshi mbaya. Hilo ndilo jambo jema pekee utakalonisikia nikisema juu ya mathenge.

Sasa angalia jinsi hoteli hii inavyopokea pesa. Namba ya till imepakwa rangi ukutani, kubwa, na jina la biashara chini yake. Haikubandikwa kwenye karatasi, manake karatasi mtu anaweza kuibandua usiku akabandika yake. Ukilipa, abti aliyeketi mlangoni hakuombi umuonyeshe simu yako. Hataki hata kuiona. Anaangalia simu yake, anakusomea jina lako na kiasi, anatikisa kichwa. Nilidhani ni kiburi. Baadaye nilielewa kwamba meseji iliyo kwenye simu ya mteja inaweza kuwa ya jana, au mtu ameiandika mwenyewe. Iliyo muhimu ni ile iliyoingia kwa muuzaji, na salio lake lililopanda.

Hola nitapita haraka. Kuna maandazi mazuri sokoni, kuna ndizi za kuchemsha zikiwa na nazi, lakini kila nikiwa Hola niko kazini kwenye mkutano fulani, na mpishi akiwa kazini anakula amesimama.

Garsen, na benchi ambalo halipo

Garsen na Minjila ndipo njia zinapoachana: ya Malindi, ya kupanda Hola mpaka Garissa, na ya Witu mpaka Lamu. Msafiri anashuka ana dakika ishirini, dereva anapiga honi, na chakula lazima kiwe tayari. Mji wa namna hii unaweza kulisha watu vibaya sana kwa sababu mteja harudi. Walio wazuri ni wale wanaopika kwa ajili yetu tunaokaa hapa, na wasafiri wakabahatika.

Kulikuwa na mama mmoja karibu na kituo. Jina lake silitaji, tuseme Mama Samaki, kama sote tulivyomwita. Samaki wake walitoka upande wa Ngao, kwenye ziwa Shakababo na maji mengine ambayo Tana hujaza ukifurika. Kambare alimsafisha, akampaka chumvi na ndimu, akamwanika juu ya moshi saa moja hivi, ndipo akamtia katika tui la nazi. Badala ya ukwaju aliweka vipande vya embe bichi. Tana River tuna maembe mengi mpaka mengine yanaoza chini ya miti, na sijui kwa nini wapishi wengi hawayatumii yakiwa mabichi. Uchachu wake hauchomi, unakata tu yale mafuta ya kambare. Sima na samaki, shilingi 200. Nimepika katika hoteli za Malindi, na sijaona mchuzi wa kuushinda ule.

Alianguka kwa mambo matatu, na yote yalipitia kwenye simu.

La kwanza lilikuwa sisi wateja wa kila siku. Unakula, unainuka, unasema, "Mama, nitakutumia jioni." Anasema, "Haya, mwanangu." Ni lugha ya mapenzi hiyo, hakuna anayedhani anaiba. Siku niliposikia amefunga nilikaa na simu yangu nikahesabu. Mwezi huo nilikumbuka kula kwake mara kumi na moja. Meseji za malipo zilikuwa saba. Shilingi 800 zilikuwa kwangu, na mimi ni mpishi, najua bei ya nazi. Kama wateja kumi walikuwa kama mimi, hizo ni shilingi 8,000. Hiyo ni zaidi ya mtaji wake wa samaki wa siku mbili.

La pili sikulijua mpaka aliponieleza mwenyewe. Alikuwa amechukua mkopo wa simu, ule wa kujazia salio likipungua, ili amalizie karo ya mtoto. Mkopo wa aina hiyo hujilipa wenyewe: pesa yoyote ikiingia kwenye laini, deni linakata kwanza. Na sisi tulikuwa tukimtumia kwenye laini ile ile. Watu kumi walikula, kumi wakatuma, simu ikalia mara kumi, na jioni salio ni sufuri. Deni lilikuwa lake, sawa, na lilipwe. Lakini mvuvi anakuja kwa bodaboda saa kumi na mbili asubuhi, na mvuvi anataka pesa yake pale pale. Siku ya kwanza akakopesha. Siku ya pili akanung'unika. Siku ya tatu akampelekea mwingine samaki.

La tatu lilikuwa basi. Watu sita walikula, mmoja akawalipia wote shilingi 1,200, akaonyesha meseji, wakapanda. Basi lilipofika mbali mtu huyo akaomba pesa irudishwe, ati alikosea namba. Mama akaiona imezuiwa asielewe ni kwa nini, na kabla hajapata wa kumweleza afanye nini, imeshaondoka. Ile meseji haikuwa ya uongo. Pesa iliingia kweli. Ndilo lililomuuma: angalau mwizi wa noti bandia humpi chenji ukiwa umemchangamkia.

Wiki mbili baadaye benchi lilikuwa tupu. Nilimtumia zile 800 zangu. Alinishukuru. Alikuwa ameanza kuuza vyombo, na sufuria yake kubwa niliinunua mimi.

Kutuma na kulipa

Nimefikiri sana kwa nini tunafanya hivi, sisi ambao hatuwezi kutoka dukani na kilo ya sukari bila kulipa. Nadhani ni mazoea tuliyoanza nayo. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, watu waliijua kama njia ya kutumia watu wa nyumbani pesa. Mama, kaka, shangazi. Ukimtumia shangazi leo au kesho kutwa hakuna mtu atakayelala njaa kwa sababu ya saa nne za kuchelewa, na ukikosea namba unaomba irudi. Halafu tukachukua mwendo huo huo tukaupeleka kwa mwenye kibanda. Tunamtumia. Hatumlipi. Maneno mawili haya tunayachanganya kila siku, na anayeumia ni yule mwenye benchi moja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaoona nimezidisha: usinyanyuke kwenye benchi kabla simu ya mwenye chakula haijalia. Si yako, yake. Andika namba, subiri jina litokee, lisome kwa sauti kama unaona haya kuuliza: "Hili ndilo jina, mama?" Yeye akisema ndilo, bonyeza. Hapo umeepuka namba iliyokosewa, umeepuka namba iliyobandikwa na mjanja, na hutakuwa na sababu ya kuomba pesa irudi ukiwa umeshafika Witu. Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa aliyekosea kweli. Anayeitumia baada ya kushiba ameiba sahani, hata kama hakubeba sahani.

Na mama naye ana lake. Naomba nisieleweke vibaya, sitaki kumpa aliyeanguka lawama ya kuanguka. Lakini pesa ya chakula isikae laini moja na ya karo, mikopo na michango ya kikundi. Njia zipo. Till ni moja. Nyingine ni Pochi la Biashara, ambayo inafunguliwa kwenye laini yako ile ile kwa kupiga *334#, na pesa ya wateja inakaa pembeni, haigusani na ya nyumbani mpaka wewe mwenyewe uihamishe. Jambo ninalolipenda zaidi juu yake ni kwamba mteja hawezi kuirudisha pesa kwa ujanja wake peke yake. Lazima mwenye biashara akubali. Mama Samaki angekuwa nayo, zile 1,200 zingebaki, na mkopo wake wa karo usingekula samaki wa kesho bila kumuuliza.

Wenye vibanda nikiwaambia hivi wananijibu mambo mawili. La kwanza ni ada. "Mpishi, hizo till zinakata." Hebu tuhesabu, kwa viwango vilivyopo nikiandika, na wewe angalia kama vimebadilika. Mteja akikutumia shilingi 200 kwenye laini yako ya kawaida ya M-Pesa, yeye anakatwa shilingi 7. Ndiyo maana wengine wanakuambia "nitakulipa zote pamoja Ijumaa", wanakwepa zile saba mara tano, na Ijumaa wamesahau mbili. Akilipa kwa till, hakatwi kitu. Na wewe mwenye till, kwa malipo yasiyozidi shilingi 200, hukatwi pia. Yakizidi hapo unakatwa asilimia 0.55, yaani katika shilingi 1,000 ni shilingi 5 na senti 50. Huo si mnyofu wa nazi moja. Kwa kibanda cha sahani za mia mbili mbili, hofu ya ada ni kubwa kuliko ada yenyewe.

La pili ni kodi, na hili watu wanalisema kwa sauti ya chini. "Ukiweka till, KRA wanakuona." Mimi si mtu wa kodi. Ila kodi ya mauzo ile iitwayo TOT, tangu sheria ya fedha ya 2023, ni asilimia 3 na inawahusu wanaouza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka mpaka milioni 25. Chukua mama anayeuza sahani kumi na mbili za 200 kila siku ya Mungu bila kupumzika hata Idi. Ni 2,400 kwa siku. Kwa mwaka ni 876,000. Hajafika. Na akifika, akivuka, nitafurahi kumsikia akilalamikia kodi, kwa sababu atakuwa na benchi la pili.

Jibu la tatu hawalitoi, nalitoa mimi kwa niaba yao: mtandao. Huku kwetu kuna siku minara inalala. Mvua za El Niño za Novemba 2023 mto ulipovunja kingo na barabara kukatika, kulikuwa na siku simu ilikuwa tochi tu. Siku kama hiyo, kumwambia mtu "subiri simu ilie" ni kumwambia alale pale. Basi beba noti mbili tatu mfukoni, hata wewe uliyeapa hubebi pesa taslimu tena. Kama huna, rudi kwenye dawa ya nyanya wa Bura: daftari, jina lako kwa mkono wako, kiasi, sahihi. Na mtandao ukirudi, kabla hujafungua picha za watu, lipa.

Bado kuna pa kula

Usidhani Garsen imekuwa jangwa. Asubuhi, upande wa stendi, kuna binti anayeuza mahamri na mbaazi za nazi. Iliki anaisaga siku hiyo hiyo, unaisikia kabla hujamuona. Mbaazi zake ni nzito kiasi cha kijiko kusimama, nami napenda hivyo, ingawa rafiki yangu wa Malindi anadai mbaazi zinatakiwa ziwe na mchuzi wa kuchovya. Atabaki na maoni yake. Binti huyu ana namba ya till kwenye kibao kilichofungwa kwa waya, na ana kanuni moja: mahamri yanatoka kwenye karai baada ya meseji kuingia. Mwanzoni watu walimwita mkali. Sasa wamezoea, foleni inakwenda, na hajawahi kukosa unga.

Wakati wa maembe, pita Ngao au vijiji vya jirani. Huhitaji hoteli. Mtu atakukatia embe kwa kisu, atakunyunyizia chumvi na pilipili ya unga, utalipa kidogo sana. Shilingi 100 kushuka chini, ukituma kwa M-Pesa hukatwi ada, kwa hiyo usimwambie mtoto wa watu "sina chenji".

Na ukiwa na siku nzima, shuka mpaka Kipini, mahali Tana unapoingia baharini. Samaki huko ni wa maji ya chumvi, na wa kupaka wanachomwa kwanza juu ya makaa halafu wanapakwa tui lililopikwa na ndimu na manjano mpaka likaganda. Agiza mapema asubuhi kwa simu. Mimi hulipa nusu wakati wa kuagiza, kwa sababu mwenye kupika anakwenda kumnunua samaki kwa ajili yangu, na nikighairi asibaki na samaki watatu na hasara. Wengine huniona mjinga kulipia chakula ambacho hakijapikwa. Nikipika arusi mimi hudai malipo ya kwanza, hakuna anayeniona mwizi. Sijui kwa nini mwenye kibanda asiombe hivyo hivyo.

Mama Samaki nilimtembelea wiki iliyopita. Anafua nguo za watu, na jioni anauza viazi karai mlangoni kwake. Amemaliza ule mkopo. Pochi ameifungua, mwanawe wa kidato cha pili ndiye aliyemsaidia kubonyeza, na namba yake ya siri hakumpa. Hilo alinihakikishia bila mimi kuuliza. Anaweka humo pesa za viazi, hazigusi. Amefika shilingi 3,400. Mvuvi wa Ngao amemwambia akiwa na mtaji wa siku tatu atamletea kambare kama zamani. Alinitolea viazi, nikalipa 50, simu yake ikalia nikiwa bado nimeketi, tukacheka sote wawili.

Alipokuwa ananisindikiza aliniuliza kama ile sufuria bado ninayo. Ninayo. Imeshapika arusi nne. Nimeisugua nje mpaka masizi yametoka, na nimemwambia iko kwangu, aje aichukue siku atakapoihitaji.